Mama Koleo, Tabibu Aliyetaka Abanwe Mkono

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, mshonaji. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alitoka kinywa wazi, akipiga kelele, hata wateja wakasahau suruali zao.

Alisoma shule ya msingi mkabala na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari, na mwaka 1980 akahitimu chuo akiwa tabibu wa meno. Alianza kazi kliniki. Huko akagundua kwamba wenye vinywa vibovu kuliko wote hawafiki kamwe, kwa kuwa hawawezi kuondoka vitandani. Akafunga mkoba: koleo, taa ya kichwani, sufuria ya kuchemshia vyombo. Akawa anapiga hodi majumbani hadi alipostaafu, na hata baada ya hapo.

Kila mara alipiga magoti nyuma ya mto wa kitanda, akamwekea mgonjwa kifundo cha mkono wake katika kiganja cha kulia. “Ukiumia, nibane. Ukinibana, nasimama.” Hakuwahi kuvunja ahadi hiyo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyepooza miguu, alimng’ata kidole.

“Toa mkono wako mchafu!”

“Mkono safi, Mwalimu. Kichafu ni ulichoking’atia.”

Kesho yake alirudi, kidole kimefungwa bandeji, akampa kifundo kilekile. Mwalimu akacheka, akafungua.

Mwaka 1983 aliolewa na fundi redio, baba yetu, ambaye hadi leo hudai alimposa jino likimuuma na hakupewa nafasi ya kumaliza sentensi.

Tarehe 14 Januari mwaka huu kiharusi kilimwangusha jikoni. Kilichukua maneno yote na upande wote wa kulia. Mwishoni mwa mwezi wa tano shavu likavimba. Tukamwita tabibu aliyefundishwa naye mwenyewe, ambaye nyumbani tunamwita Mwanafunzi ingawa ameota mvi. Alifanya kila kitu kama alivyofunzwa. Alichemsha vyombo, akapiga magoti nyuma ya mto, akachoma sindano ya ganzi. Mkono wa kushoto akaufunika kwa shuka, akaichomeka chini ya godoro, usimsumbue. Kifundo chake akakiweka katika kiganja cha kulia cha mama.

Kiganja kilichokufa.

Penye usaha ganzi haishiki vizuri, na mama alilijua hilo kabla koleo halijagusa jino. Alimtazama. Hakuwa na neno la kumwambia wala kidole cha kumbana.

“Analia,” baba akasema.

“Kiharusi huliza watu bure, mzee. Tazama mkono, umelegea kabisa. Hasikii kitu.”

Jino lilivunjika. Akachimba mizizi, mmoja baada ya mwingine, polepole, kwa uangalifu aliofundishwa. Alipomaliza, baba alifunua shuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeisokota, na kucha zilikuwa zimekata kiganja.

Tangu siku hiyo mama hakufungua kinywa. Kwa uji hakufungua, kwa maji hakufungua, kwa baba hakufungua. Alikataa na mpira wa kulishia, akiung’oa kwa mkono wa kushoto. Yeye aliyebembeleza vinywa vya mji mzima alikifunga chake.

Siku ya mwisho Mwanafunzi alikuja na kijiko, akapiga magoti, safari hii mbele yake.

“Mama, kidogo tu. Nakuomba.”

Akampa kifundo, upande wa kushoto. Mama alikishika, akakibana, akazidi kukibana, mpaka vidole vya Mwanafunzi vikabadilika rangi.

“Nimesikia, Mama. Nimesikia.”

Akamwachia. Kinywa hakikufunguka. Alifariki mchana huo, tarehe 2 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na Mwanafunzi, aliyesimama pale nyuma na mkoba wa marehemu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyetaka kuupokea.

Mungu amlaze pema. Na kinywa chake, alichokifunga mwenyewe, asikiguse mtu tena.