Mvua Iliyonyesha kwa Mzee Eliamini Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo tuko milimani Upare, kijijini Myamba, tukimkumbuka Mzee Eliamini. Mzee Eliamini alipima mvua. Tangu mwaka wa Uhuru, kila asubuhi kabla ya chai, alikwenda kwenye kipimamvua nyuma ya nyumba, akasoma, akaandika daftarini. Majirani walimtania: "Eliamini, hayo maandishi utayapika lini?" Mwenyewe alicheka tu. Nilimpenda kwa hilo.

Mwaka sabini na nne kijiji cha ujamaa kilikutana. Wengi walitaka nguvu zote ziende tambarare, kufungua shamba la mahindi kabla ya vuli. Mzee Eliamini akasimama.

"Ndugu zangu, vipimo vinaonyesha vuli inapungua mwaka hadi mwaka. Tusiitegemee. Tuzibe ndiva kwanza."

Ndiva ni lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji. Lao lilikuwa limebomoka, maji yakipotea bure.

Mwenyekiti, Ndugu Melkizedeki, akakataa. "Mzee wangu, mwezi wa nane chombo chako kilionyesha mvua, na sisi tulikuwa tunakula vumbi. Tutakiaminije?"

Mvua ile ilimshangaza hata mpimaji. Kumbe mkewe, Bi Ernesta, alikuwa na jibu. Akainuka upande wa akina mama.

"Ndugu Mwenyekiti, mvua ile ni yangu. Baba Rahabu alikuwa akirudi kila asubuhi amenyong'onyea, chombo kikavu. Nikamwonea huruma, nikamimina maji kidogo."

Wasikilizaji, mkutano ulicheka mpaka watu wakashikana mabega! Mzee akafungua daftari, akaifuta mvua ya siku ile mbele ya wote. Melkizedeki naye, akipangusa machozi, akasema: "Basi kama kosa ni hilo tu, mengine tuyaamini."

Kesho yake pembe ya msaragambo ikalia, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe kwa kazi ya pamoja. Ndiva ikazibwa. Na vuli haikuja. Narudia: vuli haikuja. Lakini maji ya ndiva yaliteremka mashambani, maharage yakakomaa, Myamba wakala.

Mzee Eliamini alizikwa Jumamosi iliyopita. Alfajiri ya Jumapili ikanyesha. Binti yake, Rahabu, alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, ameinamia chombo.

Bi Ernesta, Rahabu na ukoo wote, poleni sana. Nasi tujiulize: kabla ya kuamua jambo la wengi, tumesoma kilichopimwa? Bi Ernesta alimwambia bintiye hivi:

"Andika, mwanangu. Imenyesha vizuri. Na safari hii sijaongeza hata tone."