Sista Nani Kasema na Salamu ya Sokoni

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba hii, na karatasi hizi nimezitoa sasa hivi mbele ya macho yenu kutoka kwenye bahasha iliyozibwa kwa plasta ya hospitali mara nne, kwa sababu marehemu aliandika historia yake mwenyewe, akamkabidhi bintiye, na juu ya bahasha akaagiza ifunguliwe hapa hapa, isomwe na mimi na si mwingine, na nisiruke mstari. Mnamfahamu, hakuwa mtu wa kumwachia mwingine kazi ya kuhakiki tarehe zake. Naanza kusoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 8 Machi 1961, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, ingawa baba aliandika tarehe 3 kwa chaki ndani ya mlango wa kabati, na kadi ya kliniki ikasema tarehe 11, naye hakuamini chaki wala kadi mpaka alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, alipoingia chumba cha kumbukumbu cha hospitali ile ile na kufunua rejesta ya wodi ya wazazi kwa mkono wake. Saa ya kuzaliwa haikuandikwa, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza Novemba 1974, kisha akaendelea na sekondari ya wasichana, ambako alipata alama nzuri za biolojia na maoni mabaya kuhusu tabia, kwa kuwa kila lilipotangazwa jambo alinyoosha mkono na kuuliza, nani kasema? Wenzake wakamwita Nani Kasema, na jina likamganda. Tarehe 21 Aprili 1977, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja alikwenda zahanati kwa shida ya kike, muuguzi wa dirishani akaitaja shida hiyo kwa sauti mbele ya foleni nzima, na kabla ya jioni baba wa binti alikuwa ameshaipata, pamoja na chumvi iliyoongezwa njiani. Rafiki hakurudi shuleni. Marehemu alilia kwa hasira, akaamua kusomea uuguzi, si kwa wito kama wengine wasemavyo kwenye sherehe, bali ili akae yeye kwenye lile dirisha.

Alisoma chuo cha uuguzi kuanzia Septemba 1979 hadi Agosti 1982, na tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa katika zahanati ya mtaa huu, ambako alifanya kazi miaka thelathini na minane bila kuamini mizani ya watoto, kipimajoto cha ukutani, wala mwenzake yeyote aliyesema ameshanawa mikono.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi saa, baada ya kumchunguza kwa miaka miwili. Shangazi yetu alitumwa mara tatu kwa fundi huyo akiwa na saa nzima kabisa, akidai imeharibika, ili ionekane kama atazua ugonjwa usiokuwepo, na mara zote tatu fundi akaigeuza, akaisikiliza, akasema, "Mama, hii saa haina neno, ni kuitia ufunguo tu." Mara ya nne shangazi alikataa kwenda, akasema huyu mwanamume akubaliwe ama aachwe, yeye miguu inamuuma. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1987 na kijana wa kiume tarehe 9 Oktoba 1990, na wote wawili wanajua mama yao alivyonusa mashati yao hata walipokuwa hawajafanya kosa.

Mwezi Juni 2011 daktari mkuu wa zahanati alimwomba apange huduma ya afya ya kuwafuata vijana wa umri wa balehe huko huko mitaani, kwa maana zahanati hawakuja, na waliokuja walikuja wamechelewa. Kamati ilikuwa na mpango tayari, hema katikati ya kiwanja, kipaza sauti, fulana za rangi ya chungwa, na fomu yenye jina la kijana, umri, jina la mzazi na shida iliyomleta. Marehemu aliisoma fomu mara mbili, akasema hii ni barua kwa wazazi, imekosa stempu tu, na mwenyekiti wa kamati alipomwambia kwamba yeye ana wasiwasi kupita kiasi, alijibu kwamba wasiwasi ndiyo akili, akaichana.

Akakutana na vijana saba katika darasa tupu siku ya Jumamosi, nao wakamtazama kama mtu anayeuza dawa ya panya. Baada ya saa nzima binti mmoja mwenye begi la bluu akauliza, "Sista, mama yangu akikukuta njiani akakuuliza habari zangu, utamjibu nini?" Marehemu aliahirisha kikao kwa wiki nzima, kwa kuwa hakutaka kuwapa vijana jibu la kuokota. Wiki iliyofuata alirudi, akasema atamjibu mama huyo kwamba hamjui bintiye mpaka binti mwenyewe amtambulishe. Wale saba wakatazamana, na Jumamosi iliyofuata wakaja ishirini.

Chumba kilichochaguliwa kilikuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya mdogo wake, yaani huyu anayewasomea, kwa sababu kijana yeyote anaweza kuonekana karakana bila kuulizwa, pancha haina aibu. Marehemu alimweka mumewe nje, sikio ukutani, yeye akakaa ndani akisoma majina ya chanjo kwa sauti ya kawaida, na fundi saa aliposema amesikia pepopunda, mdogo wake alipanga matairi chakavu ukuta mzima hadi darini, kazi ya siku tatu, bila kunung'unika. Kadi hazikuwa na majina ya kweli. Jumamosi ya kwanza chumbani humo kila kijana alijichagulia lakabu, tisa kati ya kumi na wanne wakaandika Nani Kasema, na mvulana wa chunusi akapewa miadi ya binti wa maumivu ya tumbo la mwezi, hivyo wiki iliyofuata yakatumika majina ya vyombo vya jikoni, Mwiko, Kawa, Kinu, Chujio, ila hakuna binti aliyekubali kuitwa Ungo, kwa sababu ambayo watu wazima mnaijua. Kufikia Julai 2013 kadi zilikuwa mia moja na arobaini, na hakuna neno lililotoka.

Mwezi Agosti 2013 neno likatoka. Mama mmoja wa mtaa huu alijua kwamba bintiye alikuwa akitibiwa pale, nyumba ikawaka ugomvi, binti akapelekwa kwa bibi yake na mtihani ukampita, na Jumamosi iliyofuata chumbani walikuja vijana wawili. Marehemu alipiga hesabu zake. Aliyeona nani anaingia na nani anatoka alikuwa mmoja tu, mwenye karakana, na mwenye karakana alipenda kuzungumza na wateja. Yeye aliyezoea kumuuliza kila mtu nani kasema, siku hiyo hakumuuliza mtu. Alimwendea mdogo wake akiwa chini ya baiskeli, akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa chumba, akahamishia huduma kwenye stoo ya maktaba ya shule, na watu walipouliza sababu hakueleza, akatazama tu upande wa karakana. Kwa mtazamo huo mtaa ukampa mdogo wake jina la Redio. Wateja walipungua, watu walinyamaza akikaribia, na tangu hapo kaka na dada wakapeana salamu za majirani waliogombania mpaka.

Marehemu alistaafu tarehe 8 Machi 2021. Alianza kuugua figo mwezi Aprili 2023, na kwa kuwa hakuamini majibu ya kwanza alirudia vipimo katika maabara nyingine, na hiyo nyingine nayo ikasema vile vile. Tarehe 17 Oktoba 2023, akiwa amelazwa, alitembelewa na yule mama wa Agosti, aliyekuja na chupa ya uji na maneno ya shukrani. Mama alisema bintiye sasa ni mwalimu, ana mtoto, na kwamba hajasahau wema wa Sista kumdokezea kwa hekima. Marehemu akauliza, nimekudokezea lini? Mama akasema, "Siku ile sokoni, Sista, pale kwenye vitunguu. Si ulinisalimia, ukaniuliza, binti yetu hajambo sasa? Nikajiuliza, mbona sasa? Kwani alikuwa anaumwa lini? Nikarudi nyumbani nikambana mpaka akasema." Alipoulizwa kama mwenye karakana aliwahi kumwambia lolote, mama alishangaa, akasema yule bwana hata ukimuuliza mvua itanyesha lini anakuelekeza kwa jirani.

Neno lilikuwa moja, la herufi nne. Marehemu alijiandaa miaka miwili kwa siku atakayoulizwa, hakujiandaa kwa siku atakayouliza yeye, na upendo ulimponyoka mdomoni katika salamu, kama unavyomponyoka mtu yeyote. Amemwonea aibu mdogo wake kiasi cha kushindwa kumwita pembeni ya kitanda, amejaribu mara tatu na mara tatu akaomba maji badala yake, na kwa kuwa jina la Redio lilitolewa mbele ya watu, ameona lifutwe mbele ya watu. Basi mjue nyote kwamba aliyesema ni marehemu. Mdogo wake hakusema, hajawahi kusema, na miaka kumi alibeba mzigo usiokuwa wake huku akiendelea kuleta mboga mlangoni kila Alhamisi na kuondoka bila kubisha hodi.

Marehemu alifariki tarehe... hapa ameacha nafasi, na pembeni kaandika, ijazwe na mtu wa kuaminika, yaani mdogo wangu.

Samahanini. Nipeni kalamu, niijaze.

Alifariki Jumapili, tarehe 18 Februari 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nilihakiki na muuguzi wa zamu.

Anaendelea. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hata yule wa sindano za kumliza mtu, majirani waliopokezana zamu za kumwangalia, wafanyakazi wenzake wa zahanati waliomvumilia, na vijana wote wa Jumamosi, ambao marehemu hatawataja, na wasimame nyuma kama watu wengine. Maneno matatu ya mwisho, yale yanayosemwa kwenye kila msiba, marehemu hakuyaandika, kwa kuona kwamba hana haki ya kuyadai kwa huyu anayesoma, na amemwachia aamue mwenyewe kama atayasema au atakunja karatasi na kukaa.

Karatasi imeishia hapo.

Dada, nayasema kwa kinywa changu, mbele ya watu wote hawa, na hakuna aliyenilazimisha. Pumzika kwa amani.