Ufunguo Mtupu

Asalaam aleikum. Na wenye salamu nyingine nimewasalimu pia, msiseme nimewaruka.

Nimekaa viti vya nyuma humu ukumbini Jumamosi tano, nikiwasikiliza wenzangu waliopoteza kazi wakishuhudia, na kila mara najiuliza: mbona kila anayesimama hapa amekwisha kusamehe? Mimi sijasamehe. Kama hilo ndilo sharti, niambieni sasa nirudi kwetu Msambweni mapema.

Haya, mmecheka. Basi naendelea.

Nilikuwa mwandishi wa programu katika kampuni moja Diani. Mgeni wa hoteli akitaka kwenda Wasini, mfumo wetu ulimtumia pasi kwenye simu, na pale kwenye jeti, gati la Shimoni, mashine iliisoma na kumruhusu kupanda boti. Pasi yenyewe ni mstari mrefu wa herufi. Ndani yake mna jina na siku ya safari, na mwishoni mna sahihi. Sahihi hiyo hupatikana kwa kuchanganya maneno ya pasi na ufunguo wa siri unaokaa kwenye seva. Ukibadilisha herufi moja tu, sahihi haikubali.

Kazi ya kukagua sahihi sikuiandika mimi. Sisi huchukua kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, wakakitoa bure kwa dunia nzima. Tunakiita maktaba. Kila mtu anakitumia, kwa hiyo kila mtu anakiamini. Mimi ninayehoji hata utabiri wa mvua, hicho sikukihoji.

Asubuhi moja watu kumi na saba wasiojulikana walifika jeti na pasi. Mashine ikawakubali wote. Boti ikajaa, wageni wenyewe wakabaki wamesimama na watoto wao na majaketi yao. Kufika adhuhuri nimeitwa kwa mkurugenzi. Msimamizi wangu alikuwa amekwisha kukaa.

"Buda, tusizungushane," akaniambia. "Hiyo key ni nani mwingine ako nayo?"

"Mimi na seva."

"Seva haina shemeji wa kupeleka Wasini."

Mkurugenzi akacheka. Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile ningali nakisikia. Nikaambiwa nitoe vitu vyangu. Na kwa kuwa baada ya hapo aliyetengeneza zile pasi aliogopa akaacha, wakapata la kusema Ukunda nzima: mnaona, tangu aondoke zimekoma.

Hayo yangekuwa yangu peke yangu, ningeyameza. Lakini kazi ile niliipata kwa neno la mjomba wangu. Ni askari wa geti kwenye hoteli moja, mteja wa kampuni, na ndiye aliyemsimamisha mkurugenzi wetu siku moja akamwambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, namjua." Huku kwetu mtu akisema hivyo amejiweka yeye mwenyewe rehani. Nilipofukuzwa, hoteli ikamtoa geti la mbele alilosimamia miaka yote, ikampeleka la nyuma, yanakoingia malori ya taka.

Nilikwenda kumwona huko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Simama upande ule, huku kunanuka." Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Umeiba?"

"Wallahi sikuiba."

"Basi mashine yenu ilimfungulia nani?"

Nikamweleza habari ya sahihi na ufunguo, namna nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza kwa hasira. Msimdhanie mpole, mjomba wangu ana mdomo.

"Chuo kikuu miaka minne," akasema, "na hukuuliza jambo la askari wa siku ya kwanza. Mimi nikikuta orodha ya wageni haikuletwa, sifungui geti, hata aje waziri. Hiyo mashine yenu, isipopewa kitu cha kulinganishia, hufanya nini?"

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama mtu anayefukuzwa.

Pasi moja ya bandia nilikuwa nayo, walinitumia wenyewe waliponituhumu. Nikaikagua kwa ufunguo halisi: sahihi hazilingani. Basi aliyeitengeneza hakuwa na ufunguo wangu! Nikajaribu tena, safari hii bila ufunguo wowote, mahali pake nikaacha patupu. Sahihi ikalingana herufi kwa herufi. Nilipiga kelele mama akatoka jikoni na mwiko.

Hapo nikakumbuka: mwezi mmoja kabla ya balaa ile, msimamizi aliuhamishia mfumo kwenye seva mpya, akasahau kuuweka ufunguo. Na maktaba, badala ya kugoma, ikauchukua utupu ule kuwa ndio ufunguo. Yeyote aliyetia sahihi kwa utupu alipita.

Niliwaandikia. Ujumbe ukasomwa, haukujibiwa. Nikaenda, nikazuiwa mlangoni. Hapo ndipo nilipoanza kuwa mbaya. Nilitengeneza pasi thelathini, zote kwa jina la msimamizi, nijaze boti mpaka azomewe. Zilikuwa tayari kutumwa. Sikuzituma, na msinisifu. Ningezituma, uongo wao ungekuwa kweli.

Nikatafuta kisasi kilicho halali. Niliwaandikia watunza maktaba, nikawapa marekebisho: ufunguo ukiwa mtupu, mfumo ukatae kuwaka kabisa. Mtunzaji mmoja, mama nisiyemjua hata sura, alinirudishia kazi mara tatu niisahihishe. Mara ya nne akaipokea. Nikakaa kungoja, maana nilijua mfumo wa kampuni huchukua toleo jipya kila unapowashwa upya. Niliupanga hivyo mimi mwenyewe.

Asubuhi moja ya msimu wa wageni wengi simu ililia, ni msimamizi.

"Niaje? System imekataa kuwaka, na watu wako jeti."

"Imeandika nini?"

"Ati ufunguo ni mtupu."

"Nani aliyeuhamisha mfumo?"

Nikasikia akifunga mlango.

"Mwite mkurugenzi. Weka spika."

"Wacha hizo bana, watu wanangoja!"

"Hata mimi nimengoja."

Akaweka spika. Nikamfanya asome tena lile onyo, polepole, kisha nikaeleza. Mkurugenzi akauliza, "Kwa hiyo hakuwa yeye?" Na nikasikia sauti ya msimamizi, ndogo, "Hakuwa yeye." Nikawaonyesha pa kuuweka ufunguo, lakini baada ya wao kuahidi kwamba watakwenda kwa mjomba, mchana, wenzake wakiwapo.

Walikwenda. Msimamizi akasimama juani karibu na malori, akasema makosa yalikuwa yake. Mjomba akamwambia, "Rudia, baba, huyu mwenzangu sikio la kushoto ni zito." Akarudia. Nilikuwepo. Nilifurahi kuliko siku ya mahafali yangu. Wiki ile ile mjomba alirudishwa geti la mbele.

Mimi waliniita nirudi, nikakataa. Siku hizi nakagua mifumo ya watu wengine, na wananilipa kwa kutowaamini.

Namshukuru mjomba kwa matusi yake. Namshukuru mama, na yule mama wa mbali aliyenirudishia kazi mara tatu badala ya kuniamini. Nanyi mlionipa kiti wakati mji mzima ulikuwa bado ukinong'ona juu yangu. Funzo langu ni dogo: ukiambiwa jambo limethibitishwa, iwe pasi au uvumi juu ya jirani yako, uliza limelinganishwa na nini. Ukikuta halikulinganishwa na chochote, kataa, hata kama watu wanangoja.

Msimamizi tunakutana sokoni Ukunda. Hunitolea salamu. Naitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu. Mkono bado sijampa.