Bi Shaikha binti Hood, Aliyeuliza Nani Alilala Chumba Kimoja na Mgonjwa

Assalaam alaikum. Huu ni wasifu wa mama yetu, Bi Shaikha binti Hood, unaosomwa na mimi, binti yake Dalal, siku hii ya tatu ya matanga, hapa Ibra, Oman.

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, mwaka 1958. Bibi yake alikufa mtaa huo huo mwaka 1936 kwa kifua kikuu. Watu wa nyumbani wakamwambia karani wa kuandika vifo kuwa ni homa. Mwaka uliofuata wakafa watoto wawili wa bibi huyo. Mama alikuwa akilisimulia hilo kwa hasira, kama la jana.

Skuli aliianza Unguja, akaimalizia Nizwa baada ya familia kuhamia Oman mwaka 1971. Kisha akasomea uuguzi Maskati.

Kuanzia 1983 hadi alipostaafu 2016 alifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu mjini Ibra, nyumba kwa nyumba. Palipotokea kifo aliuliza, "Nani alilala naye chumba kimoja?" Bibi mmoja akimwona tu hupiga kelele, "Mchawi wa kikohozi kaja!" Naye hujibu, "Kaja, bibi, shikamoo. Nipe kahawa, na unifungulie dirisha."

Aliolewa mwaka 1985 na baba yetu, marehemu Turki, wa Al Qabil.

Mwaka jana miguu ilimshinda, na Novemba akaanza kukohoa.

"Laith, mwanangu, nipeleke nikapimwe makohozi."

"Subiri, Ma," kaka yetu akamwambia. "Posa ya Reem ijibiwe kwanza. Watu watasemaje?"

Reem ni binti yangu. Basi mama akatengewa finjani yake, na madirisha yakafungwa majirani wasisikie kikohozi. "Finjani ina kosa gani?" alisema. "Fungueni dirisha, yallah!" Hakusikilizwa.

Posa ilijibiwa Januari. Spitali alifikishwa tarehe 4 Februari 2025, kifua kikuu kikaonekana, akafariki Jumamosi tarehe 8. Nimeambiwa nisome "maradhi mafupi." Hayakuwa mafupi.

Ameacha Laith, aliyekuwa akimbeba, Dalal, aliyemlisha, na mjukuu wake Reem, aliyelala chumbani mwake, na ambaye sasa naye anakohoa. Kesho asubuhi sote watatu tunakwenda kupimwa, na Laith ndiye atakayeendesha gari. Kwa mchumba wa Reem wameshaambiwa. Wakitaka kurudi nyuma, warudi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, ampumzishe pema. Na aliye karibu na dirisha, tafadhali, afungue.