Sans-Cravate, Rapa Aliyetaja Wafu Ukumbini

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka Dieumerci, ambaye jukwaani aliitwa Sans-Cravate, yaani asiyefunga tai. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka thelathini na mitatu. Tumemzika Jumamosi. Najua wapo watakaolia, na wapo watakaozima redio. Mnaozima, kwaherini.

Dieumerci alizaliwa Uvira, lakini alikulia Ufaransa, kwa mjomba wake, mjini Saint-Étienne. Huko ndiko alikojifunza kurap, na huko ndiko alikopata pasipoti ya Kifaransa. Mwaka 2003 alimfuata mama yake, Mama Laurentine, hapa Stockholm, mtaani Alby. Vijana wetu walimcheka. Wao walirap Kiswidi, yeye Kifaransa. Nilimsikia mara ya kwanza katika ukumbi mdogo kule Fisksätra, na nawaambia kweli, mwili ulinisisimka. Wale waliomcheka walipiga makofi kuliko wote.

Sasa, mnaijua libanga. Mwanamuziki wa Kikongo akiimba, hurusha majina ya wakubwa katikati ya wimbo. Mkubwa akisikia jina lake, kifua kinajaa, anapanda jukwaani kumtunza noti. Ndiyo mila yetu, nami sina ugomvi nayo. Sans-Cravate alikuwa nao.

Tarehe thelathini Juni 2006, sikukuu ya uhuru wa Kongo, ukumbi wa Alby ulijaa. Wakubwa wetu walikaa mbele na suti zao zinazong'aa, wakingoja kutajwa. Dieumerci akapaza sauti kwa mtindo uleule wa libanga. Lakini aliowataja walikuwa wafu. Wafu wa vita vya kwetu, kwa majina na vijiji vyao. Wa kwanza alikuwa baba yake mwenyewe: Callixte, fundi redio wa Uvira, aliyeuawa njiani mwaka tisini na sita, na maiti yake haikuonekana.

Jamani, kurusha jina la maiti kwenye libanga, watu wakiwa wamesimama kucheza! Wengine walisema ni laana. Wengine walisema anachokonoa vidonda. Kanisa moja lilimfungia mlango. Lakini aliyeumia kuliko wote ni Mama Laurentine. Miaka yote aliwaambia majirani, hata watoto wake, kwamba mumewe alikufa kwa malaria. Dieumerci aliujua ukweli kwa mjomba, na sasa alikuwa ameumwaga mbele za watu. Mama alitoka ukumbini bila kumtazama. Alikaa miaka bila kusema naye.

Hilo ndilo lililomkaba Dieumerci. Si lawama za wakubwa. Ni mama yake. Dada yake, Orpha, aliniambia juzi: "Kila Jumapili alikuwa ananipigia simu. Anauliza, 'Mama amekula? Mama amenitaja?' Namwambia amekula. Ile ingine namnyamazia."

Hata hivyo hakuacha. Mzee Évode, Mrundi wa mtaa wa Akalla, alimfuata baada ya onyesho moja. Akamwuliza, "Na wangu, utawataja? Walioniulia ni wa upande wenu." Dieumerci akamjibu, "Baba, nipe majina." Akawataja. Hapo moto ukawaka upya. Wakongo wengine walimwita msaliti. Warundi wengine walisema anatafuta sifa kwenye misiba ya watu. Yeye akaendelea kutaja wa pande zote, hapa, Paris na Brussels. Najivunia kijana huyu. Nasema wazi, najivunia. Asiyependa aniandikie.

Siku moja katika maombi, Libérate, mke wa Évode, alimwambia Mama Laurentine: "Majina yalipotajwa, tuliweka matanga, ijapokuwa hatuna maiti. Mume wangu mwishowe amelia." Lakini Mama Laurentine, Callixte wake hakuwahi kumwekea matanga. Ungemwekeaje matanga mtu ambaye kifo chake unakificha, na wageni watauliza kaburi liko wapi?

Vuli ya 2011, Dieumerci alirap Akalla akiwa ameketi kwenye kiti, maana ugonjwa ulishamchosha. Katikati ya wimbo mama mmoja akainuka nyuma, akaja mpaka jukwaani. Ni Mama Laurentine. Akaomba maiki. Akasema kwa Kiswahili cha Uvira, "Callixte. Bwana yangu. Haikukuwa malaria." Kisha akamshika mwanawe begani. "Mimi njo nilimuficha. Mutoto yangu njo alimuleta."

Ukumbi mzima ulilia, wasikilizaji wapendwa, wakubwa wa suti nao. Mwezi uleule matanga ya Callixte yakawekwa Alby, kwa nyimbo na chai, na mlango wazi. Dieumerci, mwana wa kwanza, alikaa kando ya mama yake akipokea pole. Hakurap tena baada ya hapo.

Mama Laurentine, Orpha, na jamaa wote wa Saint-Étienne na Uvira, tunawapa pole. Mungu awafute machozi. Nanyi mnaonisikia, mkikaa mezani leo, watajieni watoto mtu wenu mmoja, na namna alivyokufa kweli. Watawajibu kwa Kiswidi, si neno, watakuwa wamesikia.

Jumamosi, udongo ulipokwisha kufunika, nilimwendea Mama Laurentine kumpa mkono. Yeye ndiye aliyenituliza. Aliniambia: "Huyu iko na kaburi, dada. Nitajua pahali ya kumulilia."