Nyundo na Kiwanja Kitupu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwinjilisti mmoja, seremala kwa kazi ya mikono, aliyefariki mwezi uliopita katika dhoruba. Watu wa kisiwa walimwita Nyundo. Naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chochote alichopewa na kanisa.

Nyundo na mkewe walifika kisiwani na masanduku ya nguo, cherehani na kengele ya shaba. Kengele ilikuwa nzito kuliko vyote. "Sufuria zangu ziliachwa bara, kengele yake ikapata nafasi," anasema mjane wake. "Sikumsemesha safari nzima."

Wenyeji waliwapokea kwa mikono miwili. Wakamwonyesha Nyundo mahali pa kujenga, kilimani. Hakupataka. Macho yake yalikuwa kwenye kiwanja kitupu kando ya bahari, tambarare, chenye upepo mwanana. Akaomba hicho. Wenyeji wakatazamana. Lakini mgeni ameomba, wakampa.

Mkewe hakukipenda. Nyumba zote zilikuwa juu. Chini hapakuwa na hata banda la kuku.

"Baba watoto, mahali pazuri hivi, mbona hapana mtu?"

"Bwana ametutunzia, mama."

Siku moja akianika nguo, alikuta kombe la baharini limekwama kwenye panda ya mti, juu ya kichwa chake. Akamwita mumewe aje aone. Nyundo akacheka. "Ndege hao!" Mama wa watu akaendelea kuanika, lakini moyo haukutulia tena.

Kanisa likasimama. Kengele ikatundikwa. Nyundo akawafundisha watu jambo moja: kengele ikilia, acheni yote, shukeni. Wakazoea. Aliyekuwa jikoni alishuka, aliyekuwa shambani alishuka. Nyundo akatembea kifua mbele.

Kisha, wasikilizaji, ikaja asubuhi ile. Mbingu ikawa nyeusi, bahari ikaanza kupanda. Mkunga wa kisiwa akateremka mbio, kanga kiunoni.

"Mwinjilisti, tokeni! Hapo ni njia ya maji!"

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Uliomba kwa furaha mno, baba. Tuliona haya."

Wakapanda wote hadi nyumbani kwa mkunga. Nyundo alikuwa salama. Narudia, wasikilizaji: alikuwa juu, salama, na mkewe ubavuni.

Ndipo kengele ikalia. Hapakuwa na mtu kanisani. Ulikuwa upepo, unaivuta kengele kwa nguvu kama Nyundo mwenyewe alivyokuwa akiivuta. Na milango ya kilimani ikaanza kufunguka. Watu wakadhani Nyundo anawaita wajifiche kanisani, na kwa mazoea wakaitii kengele kuliko walivyoiogopa bahari. Akina mama wakaanza kuteremka, watoto mgongoni. Nyundo akapiga kelele, upepo ukaimeza sauti yake.

"Nilimshika shati," anasema mjane. "Nikamwambia, usiende. Akaniambia, 'Mimi ndiye niliyewafundisha kushuka.' Akachomoka."

Alikata njia ya mkato. Kengele ikalia, ikalia, kisha ikanyamaza ghafla. Watu wakasimama mteremkoni. Wakasikiliza. Kimya. Wakageuka, wakapanda. Bahari ilipopita, chini alikuwapo mtu mmoja tu, Nyundo, ameikumbatia kengele aliyoinyamazisha.

Mama, pole sana. Poleni watoto, na kanisa lote lililompoteza mchungaji wake. Nilimuuliza mjane kama atarudi bara. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Niende wapi? Hao aliowarudisha ndio wanaonichotea maji kila siku."

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Wewe mgeni, uliyependa mahali mara moja, umeuliza kwa nini pako wazi? Na wewe mwenyeji, unayemwona jirani akijenga pasipofaa, ukatabasamu kwa heshima, unangoja nini? Mwambie. Mwambie leo, na akikasirika, akasirike akiwa hai.