Baiti Moja Moja: Tunamuaga Shangazi wa Vikokotoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha programu za vikokotoo, Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Shangazi wa nani? Wa wote. Hata mkurugenzi, anayemzidi umri, humpa shikamoo.

Alianza na asembli, lugha ya mashine isiyo na huruma, na hakuihama. Kumbukumbu ya vikokotoo vyetu ni finyu, na humo programu huruka kutoka amri moja hadi nyingine kwa njia mbili. Mruko mrefu hutaja anwani kamili na hufika popote, lakini hula baiti tatu, yaani vijisehemu vitatu vya kumbukumbu. Mruko mfupi huhesabu tu hatua kutoka pale ulipo; hula baiti mbili, ila haufiki mbali. Wageni kazini aliwaambia kwamba anayekwenda kwa jirani hakodi gari. Tulimwita bahili, naye akacheka na kuendelea kubana.

Kisha, yapata miaka ishirini iliyopita, tukatengeneza kikokotoo cha wauguzi, cha kupigia hesabu za dozi za watoto. Kumbukumbu ilijaa kabla onyo la dozi iliyopita kiasi halijaingia. Mkuu wa mradi akaamua liachwe. Wauguzi si wanajua kazi yao? Shangazi alikataa katakata. Binti yake ni muuguzi, na alijua anavyorudi hoi kutoka zamu. Akaomba muda, akaanza kugeuza miruko mirefu kuwa mifupi, mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba: onyo likaenea.

Msidhani hakukosea. Alibana hadi miruko ya kuonyesha tarakimu, na kwa kuwa mruko mfupi huchukua muda zaidi kidogo, tarakimu zikawa zinapepesa kama taa mbovu. Tulimtania sana. Akairudisha ile iwe mirefu, shingo upande, akatafuta baiti kwingine.

Miezi michache baadaye ikaja simu kutoka wodi ya watoto. Muuguzi aliyechoka alikuwa ameongeza sifuri moja, na kikokotoo kikamkatalia. Mtoto alirudi nyumbani na mama yake. Shangazi alisikiliza, akakaa chini, akalia mbele yetu, nasi tukalia naye.

Shangazi, ahsante kwa ubishi wako. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa asubuhi na wajukuu watundu. Yupo mtoto mahali fulani, sasa mtu mzima, asiyekujua kabisa. Kwa niaba yake pia, tunakushukuru.